Anza na Tundu la Kutokea Hewa

Bodi mpya ya gari la mashindano la rimoti, ikishakauka rangi, huwa kitu cha kupendeza kiasi kwamba mkono husita kuigusa kwa mkasi. Umekaa jioni mbili ukiziba vioo kwa utepe, ukapuliza rangi tabaka baada ya tabaka kutoka upande wa ndani, ukasubiri ikauke, na sasa kazi yote hiyo imekaa mezani inang'aa, ngozi ya plastiki inayolinda upande wa nje ikiwa bado haijabanduliwa. Hapo ndipo ninapochukua mkasi na kukata duara nililochora kwenye kioo cha nyuma. Kwa miaka kadhaa duara la kwanza nililichora kwenye kioo cha mbele, na mara nyingi la nyuma sikulichora kabisa. Makala haya yanaeleza kwa nini niligeuza mpangilio huo, na namna ninavyoyakata matundu yenyewe ili bodi isipasuke kabla msimu haujaisha.

Gari lililonifundisha lilikuwa la kipimo cha moja kwa kumi, la kukimbia kwenye lami, lenye mota isiyo na brashi na bodi ya chini iliyokaribia kugusa chasi pande zote. Kwenye kioo chake cha mbele nilikuwa nimekata tundu la milimita 35, la mviringo safi, na ndani nilikuwa nimefunga feni ya milimita 30 iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye mota. Niliamini kwamba nimemaliza suala la joto. Baada ya mbio za dakika tano nilielekeza kipimajoto cha infraredi kwenye ganda la mota, kikasoma nyuzi 94 za Selsiasi. Nilipoinua bodi, joto lilinipiga usoni kama la sufuria iliyofunuliwa ghafla. Nilidhani tundu ni dogo, nikalipanua hadi milimita 40, nikarudi uwanjani, nikarejea na nyuzi 97. Tundu lilikuwa limekua kwa karibu theluthi moja ya eneo lake na mota haikupoa hata kidogo.

Mota ile haikurudi katika hali yake. Ilipozungushwa bila mzigo iliruka kwa kasi kuliko zamani, jambo ambalo lingeweza kumfurahisha asiyejua, lakini ilipotakiwa kulivuta gari kutoka kwenye kona ilikosa nguvu na kunyonya umeme mwingi. Hiyo ndiyo dalili ya kudhoofika kwa sumaku za rota, sehemu inayozunguka ndani ya mota. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huhesabiwa kuwa salama hadi kama nyuzi 80. Zipo za madaraja ya juu zinazostahimili 150 na zaidi, lakini mwenye gari hawezi kuzitambua kwa macho, na ganda la mota linaposoma 97 rota iliyo katikati inaweza kuwa na joto zaidi ya hapo. Zaidi ya sumaku, kuna shaba. Ukinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo mota inayotoka nyuzi 25 hadi 85 hubeba ukinzani ulioongezeka kwa zaidi ya asilimia 23, na ukinzani huo nao huzalisha joto jingine. Joto huzaa joto. Ndiyo maana mimi hujiwekea mpaka wa nyuzi 75 kwenye ganda la mota, na betri za lithiamu polima sikubali zivuke 60.

Ili kuelewa kwa nini tundu kubwa la mbele halikunisaidia, inafaa kwanza kuitazama bodi kama kitu chenye tabia zake. Bodi nyingi za mashindano hufinyangwa kwa polikaboneti, plastiki ambayo iligunduliwa mwaka 1953 na wanakemia wawili waliokuwa wakifanya kazi mbalimbali, Hermann Schnell wa Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani. Bamba lenye unene wa milimita 0.75 hivi, au 0.5 kwa bodi nyepesi, hupashwa moto hadi lilegee, kisha hufyonzwa hewa juu ya kalibu hadi lishike umbo la gari. Plastiki hii ni ngumu kuvunjika, hupinda na kurudi, nayo huonyesha kila kitu kilicho upande wa pili, ndiyo maana rangi hupakwa ndani na kulindwa na plastiki yenyewe. Lakini katika kupitisha joto ni dhaifu mno: aluminiamu hupitisha joto vizuri zaidi ya mara elfu moja kuliko polikaboneti. Kwa hiyo bodi iliyofungwa vizuri juu ya chasi hufanya kazi ya blanketi. Joto la mota, la kidhibiti mwendo (kifaa kinachoipimia mota umeme) na la betri haliwezi kupenya kwenye ngozi hiyo kwa kasi ya maana. Ni lazima lichukuliwe na hewa, na hewa hiyo ni lazima iondoke.

Neno la mwisho hilo ndilo nililokuwa nikiliruka. Mtu yeyote aliyelala kwenye chumba chenye dirisha moja anajua kwamba unaweza kulifungua wazi kabisa na upepo ukapita nje bila kuingia. Ukifungua dirisha la pili upande wa pili wa chumba, pazia la lile la kwanza linaanza kupepea, ingawa dirisha hilo hujaligusa. Ndani ya bodi ya gari ni vivyo hivyo. Tundu la mbele peke yake huifanya hewa isongamane ndani hadi mgandamizo wa ndani ulingane na ule wa nje wa kioo, na kuanzia hapo hewa mpya hukataa kuingia, isipokuwa kiasi kinachovuja kwenye matao ya magurudumu na chini ya kingo. Feni yangu haikuwa na kosa. Ilikuwa inazungusha hewa ile ile ya moto, ikiitoa kwenye mota na kuirudisha kwenye mota.

Hesabu yake si ngumu, na nilipoifanya kwa mara ya kwanza ilinishangaza. Tundu la milimita 25 lina eneo la sentimita za mraba 4.9. Hewa ikipita hapo kwa mwendo wa mita 5 tu kwa sekunde, ambao ni mdogo sana kwa gari linalokimbia mita 10 au 15, zitapita takriban lita 2.4 kila sekunde, yaani karibu gramu 3 za hewa. Hewa hiyo ikipata joto la nyuzi 20 zaidi kabla ya kutoka, huwa imebeba takriban wati 59. Sasa chukua mota inayokula wastani wa wati 200 katika mbio na kugeuza asilimia 80 ya umeme huo kuwa mwendo: joto linalobaki ni wati 40. Tundu moja dogo la milimita 25 linatosha na kuzidi, mradi hewa inapita kweli. Mimi nilikuwa na milimita 40 na mota iliyokuwa ikiungua, kwa sababu ndani ya tundu lile hewa ilikuwa karibu imesimama.

Wapo wanaojua kwamba tundu la nyuma linapaswa kuwa kubwa kuliko la mbele, na sababu wanayoitoa ni kwamba hewa ikipata moto hutanuka. Ni kweli hutanuka, lakini kwa ongezeko la nyuzi 20 hutanuka kwa asilimia 7 hivi tu, kiasi ambacho hakiwezi kuwa sababu ya kukata tundu mara mbili. Sababu halisi ni kwamba matundu mawili yaliyofuatana hugawana mgandamizo uliopo, na lile dogo ndilo linaloamua. Tundu la kutokea likiwa nusu ya la kuingilia, hewa inayopita huwa kama asilimia 45 ya ile ambayo tundu la kuingilia lingeweza kupitisha kama nyuma kungekuwa wazi kabisa. Yakilingana, unapata asilimia 71. La nyuma likiwa mara mbili, unapata 89. Likiwa mara tatu, 95. Kwa hiyo kutoka nusu hadi mara mbili kuna faida kubwa sana, na kutoka mara mbili kwenda mara tatu faida ni ndogo kiasi kwamba mimi siikati bodi kwa ajili yake. Kumbuka pia kwamba hapa tunazungumzia eneo, wala si kipenyo. Tundu la milimita 35 lina karibu mara mbili ya eneo la tundu la milimita 25, na tundu la 40 lina mara nne ya eneo la 20.

Mahali pa kukata pana uzito kuliko ukubwa, na hapa ndipo ninapoona bodi nyingi nzuri zikiharibiwa. Hewa hutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo, basi. Haijali nia ya mkataji. Pale chini, kioo cha mbele kinapokutana na boneti, hewa inayopanda kutoka kwenye boneti hugonga kioo na kujikusanya, na hapo mgandamizo huwa mkubwa. Hata magari makubwa ya barabarani huvuta hewa ya abiria kutoka sehemu hiyo hiyo. Lakini ukipanda kwenye kioo hicho hicho hadi karibu na paa, hewa huwa imeanza kuharakisha ili ivuke juu ya gari, na mgandamizo wake hushuka. Tundu likikatwa huko juu halitaingiza hewa, na huenda likaitoa. Tofauti ya sentimita tatu inageuza tundu la kuingilia kuwa la kutokea.

Nyuma kuna mtego wa namna hiyo. Watu wengi hukata tundu la kutokea chini kabisa ya kioo cha nyuma, karibu na buti, kwa kuwa hapo ni tambarare na kazi ni rahisi. Gari likiwa na spoila kubwa, hewa inayoshuka kwenye kioo hugonga spoila na kujikusanya mbele yake, na mgandamizo wa hapo hupanda badala ya kushuka. Mahali pazuri pa kutolea hewa ni sehemu ya juu ya kioo cha nyuma, karibu na mwisho wa paa, au kwenye ukuta wa nyuma kabisa wa gari, chini ya buti, ambako gari linaacha nyuma yake shimo la hewa iliyofyonzwa.

Jambo hili sikuliamini hadi nililiona. Nilikata vipande vya uzi wa sufu vya sentimita tatu, nikavibandika kwa utepe mwembamba kuzunguka tundu la nyuma la bodi ya zamani, tundu lililokuwa sentimita mbili mbele ya spoila. Rafiki yangu alisimama mwisho wa njia iliyonyooka akirekodi video kwa simu, nami nikalipitisha gari mbele yake mara kadhaa. Tulipoitazama video polepole, nyuzi zilizokuwa pembeni mwa kioo zilikuwa zimelala kuelekea nyuma kama nilivyotarajia, lakini nne zilizozunguka tundu zilikuwa zimekunjika kuelekea ndani. Ncha za mbili kati yake zilikuwa zimeingia kabisa kwenye tundu, zikitetemeka. Tundu nililolikata kwa ajili ya kutoa hewa lilikuwa linaiingiza, na bodi ile ilikuwa na milango miwili ya kuingilia bila mmoja wa kutokea.

Kwa asiyekuwa na rafiki wa kumrekodia, vumbi ni shahidi wa kutosha. Futa upande wa ndani wa bodi uwe safi, kimbiza gari kwenye njia kavu kwa mbio mbili tatu, kisha ugeuze bodi juu chini chini ya taa. Pale hewa inapopita kwa kasi utaona michirizi ya vumbi iliyonyooka, mingine myembamba kama iliyochorwa kwa brashi. Pale hewa inapozunguka bila kwenda popote, vumbi hulala laini na sawasawa kama unga. Kwenye bodi iliyounguza mota yangu, unga huo ulikuwa umetanda juu ya mota yote, na michirizi ilitoka kwenye tundu la mbele, ikapinda, ikaishia kwenye matao ya magurudumu ya mbele. Hewa ilichukua njia ya mkato na kutoka kabla haijafika palipohitajiwa.

Dawa ya njia ya mkato hiyo ni kipande cha polikaboneti kilichobaki wakati wa kukata bodi. Mimi hukikunja na kukibandika upande wa ndani chini ya tundu la mbele, kikawa kama mfereji mfupi unaoelekeza hewa kwenye kidhibiti mwendo na mota. Uzito wake ni gramu chache, na nimeona ukifanya kazi kubwa kuliko feni ya pili.

Sasa kukata kwenyewe. Tundu kwenye bodi ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Kwa hiyo huanza na dogo kuliko ninalokusudia, nikapima joto, kisha nikalipanua. Huchora kwanza juu ya ngozi ya plastiki ya nje kabla ya kupaka rangi, bodi ikiwa bado angavu, kwa sababu wakati huo naweza kuiweka juu ya chasi na kuona mota ilipo, nguzo za bodi (zile zinazoishikilia juu ya chasi) zilipo, na waya za betri zinapopita. Baada ya rangi kukauka hukata kabla ya kubandua ngozi hiyo, nikiwa nimebandika utepe wa karatasi upande wa ndani juu ya rangi. Asiyebandika utepe atakuta rangi imemeguka ukingoni vipande vidogo vidogo, na rangi iliyoanza kumeguka huendelea kumeguka kila gari linapogongwa.

Kwa mistari iliyonyooka, kisu cha wembe kinatosha: unakwaruza mstari mara tatu au nne bila kukandamiza, kisha unaupinda taratibu, nao unavunjika safi. Kwa duara huanza na tundu la milimita 3 katikati, nikalipanua kwa keekee ya umbo la pia inayozungushwa kwa mkono hadi milimita 15, kisha nikaendelea na mkasi mdogo wenye ncha zilizopinda, ule unaotengenezwa mahsusi kwa bodi hizi. Kwa duara kubwa ninapenda zaidi bikari niliyoifunga wembe mahali pa penseli. Shimo la sindano yake hubaki kwenye kipande kinachotolewa, kwa hiyo haliachi kovu. Keekee ya umeme huitumia kwa mwendo wa chini tu. Polikaboneti hulegea ikikaribia nyuzi 147, na msuguano wa keekee inayozunguka kwa kasi huifikisha huko kwa sekunde chache; ukingo huyeyuka, huvimba na kuganda ukiwa na vishipa ambavyo baadaye huwa mwanzo wa ufa.

Ukingo ndio kila kitu. Mkasi huacha mikwaruzo na vijino ambavyo jicho halivioni, lakini ukipitisha kucha utavisikia. Huzungushia msasa namba 240 kwenye kalamu nene, nikasugua ukingo wa ndani wa tundu kwa mwendo wa kuzunguka, kisha nikarudia kwa namba 400 hadi kucha ipite bila kukwama popote. Kazi hiyo huchukua dakika kumi kwa tundu moja, na ni dakika ninazozitoa kwa moyo mweupe, kwa kuwa nimeziona bodi zikipasuka kutoka kwenye kijino kimoja hadi kwenye nguzo ya bodi katika kugonga ukuta mara moja.

Sababu yake ilielezwa kwa hesabu zamani sana. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani Ernst Gustav Kirsch alionyesha kwamba bamba lenye tundu la mviringo likivutwa upande mmoja, mkazo ukingoni mwa tundu huwa mara tatu ya mkazo wa bamba lote. Mwaka 1913 Charles Inglis wa Uingereza alifanya hesabu hiyo kwa tundu la umbo la duaradufu. Likiwa na urefu mara tano ya upana wake, na likavutwa kwa kukingama na urefu huo, mkazo kwenye ncha zake huwa mara 11. Kadiri ncha inavyokuwa kali, ndivyo namba inavyopanda. Kona ya tundu la mraba ni ncha ya namna hiyo, na kijino cha mkasi ni ncha kali zaidi ya kona. Nilipoyajua hayo niliacha kabisa kukata matundu ya pembetatu na yale ya mfano wa mapezi, hata kama yanapendeza. Panapohitajika tundu refu, kwa mfano kando ya kioo cha pembeni, kwanza hutoboa matundu mawili ya mviringo ya milimita 8 kwenye miisho yake, halafu huyaunganisha kwa mistari iliyonyooka, ili kusiwe na kona popote.

Vilevile huacha angalau milimita 8 kati ya tundu na mahali bodi inapopinda. Mikunjo ile, kama ukingo wa paa au mpaka wa kioo na nguzo yake, ndiyo mifupa ya bodi. Bila mikunjo polikaboneti ya milimita 0.75 ni karatasi. Pia plastiki hunyooka wakati wa kufinyangwa na kuwa nyembamba zaidi kwenye kona hizo kuliko kwenye paa au boneti. Anayekata kioo chote cha nyuma hadi kwenye mkunjo, kama ninavyoona mara nyingi, ameondoa mfupa pamoja na nyama, na bodi yake itaanza kutikisika kwa mwendo mkubwa.

Upande wa ndani, kuzunguka tundu lolote linalozidi milimita 30, hubandika ukanda wa utepe wa nyuzi za kioo na kuupaka gundi ya viatu inayobaki laini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye bodi ya rimoti ufa wa milimita 2 leo ni wa sentimita 10 Jumamosi. Ufa ukishaanza, hutoboa tundu la milimita 2 au 3 mwishoni mwake kabisa ili ncha yake kali igeuke kuwa duara, kisha huupaka gundi na utepe. Jambo jingine linalopasua bodi bila kugongwa ni kemikali. Dawa ya kupulizia ya kusafishia mota au breki, asetoni, na hata gundi ya kukazia nyuzi za skrubu, huishambulia polikaboneti, hasa palipo na mkazo, yaani pale pale ulipokata. Mota husafishwa bodi ikiwa mbali.

Kwa magari ya vumbi yanayoruka kuna tundu la aina nyingine kabisa. Malori madogo ya mashindano ya kipimo cha moja kwa kumi yana bodi pana iliyo wazi chini, na yanapoondoka kwenye mruko hewa huingia chini ya bodi na kukwama nyuma, ikaliinua gari kama mwavuli. Kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde mgandamizo wa hewa inayosimamishwa ni kama paskali 240. Juu ya eneo la sentimita 25 kwa 12 nyuma ya bodi, hiyo ni nguvu inayokaribia uzito wa robo tatu ya kilo, kwenye gari lenye kilo mbili na kitu. Matundu ya kuondoa tatizo hili hukatwa kwenye bampa la nyuma na nyuma ya madigadi, na yanaweza kuwa makubwa bila hofu. Yanasaidia pia kutoa joto, lakini hiyo ni faida ya ziada. La mbele kwenye magari haya mimi hulifunika kwa wavu mwembamba kwa sababu ya mawe, nikijua kwamba wavu hula sehemu ya eneo, kwa hiyo hulikata kubwa kidogo.

Magari ya injini ya nitro ni somo jingine na sitalifungua hapa, isipokuwa kusema kwamba huko lengo ni kuifikishia hewa kichwa cha silinda bila kukipoza kupita kiasi, na kwamba anayebadilisha tundu lazima arudie kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Sheria nazo hutofautiana kwa madaraja ya mashindano: baadhi huruhusu kioo cha nyuma kukatwa, nyingine hukataza tundu lolote isipokuwa la nguzo na antena. Soma kitabu cha daraja lako kabla ya kuchukua kalamu.

Nilipojenga bodi iliyofuata ya gari lile la lami, kipimo kile cha kwanza cha mbele nilikihamishia nyuma. Tundu la milimita 35 nililikata juu ya kioo cha nyuma, na mbele, chini kabisa ya kioo, nikakata la milimita 25. Mota ilikuwa mpya ya aina ile ile, gia zile zile, feni ile ile, siku yenye joto linalokaribiana na ile ya awali. Kipimajoto kilisoma nyuzi 71. Tundu la kuingilia lilikuwa limepungua hadi nusu ya eneo lake la mwanzo, nayo mota ilikuwa na nyuzi 23 pungufu.

Kipimo hicho nakichukua kila mara ndani ya nusu dakika baada ya kusimama, nikielekeza kipimajoto mahali pale pale kwenye ganda, kwa sababu gari likisimama upepo nao husimama, na joto lililokuwa kwenye waya na rota huendelea kutoka kuelekea nje. Nimeona ganda likipanda nyuzi 6 zaidi ndani ya dakika mbili likiwa limekaa mezani na bodi yake juu. Matundu hayafanyi kazi gari likiwa limesimama. Kwa hiyo gari likivuka mstari, kazi ya kwanza ni kuchomoa pini nne zinazoishika bodi na kuiweka kando, halafu ndipo niulize nimemaliza wa ngapi.